Mazungumzo ya dakika 45 kuhusu kisukari na chakula: nipange vipi, mezani niweke nini?

Mlezi_Kisauni

Assalaam aleikum wanajamvi.

Mwezi ujao nitazungumza na kikundi cha kina mama hapa Kisauni, Mombasa, watu kama 40, kwenye ukumbi wa madrasa baada ya sala ya alasiri. Nimepewa dakika 45. Mada niliyoandikiwa ni "kudhibiti kisukari aina ya pili kwa chakula". Baadhi yao wana sukari na wanameza vidonge, wachache wanajidunga insulini, na wengi zaidi ni wapishi wa mtu mwenye sukari nyumbani: mume, mama mkwe, baba mzazi.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, si daktari wala mtaalamu wa lishe. Rasimu yangu ina kurasa nne na inasema mambo ambayo kila mtu ameshayasikia: punguza wanga, ongeza mboga, acha vitu vitamu, tembea. Yote ni kweli, lakini mama akirudi jikoni na sufuria iko motoni, hakuna hata sentensi moja kati ya hizo inayomwambia apakue upawa mmoja au mitatu.

Naomba msaada katika haya. Nieleze vipi kiasi kwa watu wasio na mizani ya jikoni? Niseme nini kuhusu mahamri, wali wa nazi, muhogo na viazi karai bila ya kuonekana nimekuja kuwanyang'anya chakula chao? Mezani niweke nini, maana projekta hakuna? Na ni maneno gani nisiyathubutu kwa kuwa si daktari?

LisheMvita

Waaleikum salaam dadangu. Kurasa tatu kati ya hizo nne ziweke kando. Dakika 45 zinatosha kwa jambo moja likashikika vizuri, na jambo lenyewe ni hili: wanga kiasi gani unaingia katika mlo mmoja.

Sababu yake ieleze kwa maneno machache. Wali, sima, mkate, muhogo, mbatata, vyote tumboni huvunjwa vikawa glukosi na kuingia kwenye damu. Mwenye kisukari aina ya pili mwili wake hauitikii vizuri insulini, kichocheo cha kongosho kinachoitoa glukosi kwenye damu, na kongosho haliwezi tena kuziba pengo hilo. Glukosi ikija kidogo kidogo anaimudu. Ikija kwa mkupuo, inabaki inazunguka kwenye damu. Ndiyo maana kuna watu walioacha sukari ya chai miaka mingi na mashine bado inaonyesha 14 (milimoli kwa lita). Walichoacha ni vijiko viwili. Sahani ya wali ya gramu 400, ambayo hawakuipunguza, ina wanga wa gramu 112, sawa na vijiko vya chai 28 vya sukari.

Sasa hesabu. Mizani si lazima, paketi inatosha. Kila mpishi anajua kilo yake inalisha wangapi au inatoa vipande vingapi, na hapo ndipo pa kumshikia.

Anza na mchele. Kilo moja ya mchele mkavu ina wanga wa takriban gramu 800. Ikiliwa na watu 5, kila mmoja amekula gramu 160 kwa mlo mmoja, kabla ya kuhesabu mbatata za mchuzini na juisi. Kiasi cha kuanzia ambacho wataalamu wengi wa lishe humpa mwanamke mwenye kisukari ni kama gramu 45 kwa mlo, na mwanamume kama 60, kisha hurekebishwa kwa kufuata kipimo chake, uzito wake na kazi anayofanya. Kwa kiasi hicho, kilo ile ile ingefika watu 13 hadi 17. Ukiyasema haya ukumbini utasikia minong'ono. Waache wanong'one kidogo, maana ndipo hesabu inapoingia. Kisha wafafanulie kwamba hakuna aliyesema mtoto wa shule au kijana anayebeba magunia bandarini ale hivyo. Tunazungumzia sahani ya mwenye sukari.

Chapati ni rahisi zaidi. Unga wa ngano una wanga wa gramu 75 hivi katika kila gramu 100. Paketi ya kilo 2 ikitoa chapati 30, kila moja ina wanga wa gramu 50. Chapati moja basi ndiyo wanga wa mlo mzima. Unga wa atta una nyuzinyuzi zaidi, na hilo ni jema, lakini wanga wake haupungui kiasi cha kuruhusu chapati ya pili.

Mahamri: kilo ya unga na sukari gramu 200 ni karibu gramu 950 za wanga na sukari kwa pamoja. Madonge manane, kila donge likisukumwa na kukatwa vipande vinne, ni mahamri 32, yaani gramu 30 kila moja. Manne ya asubuhi ni gramu 120. Hapa usimwambie mtu aache mahamri, hatakusikiliza tena hadi mwisho. Mwambie hamri moja, na bakuli la mbaazi likae kama kawaida au liongezeke kidogo. Mbaazi zilizopikwa za gramu 150 zina wanga wa gramu 35 hivi, ila karibu gramu 10 kati ya hizo ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari, na mna protini ya gramu 10. Mlo unabaki ule ule wa Pwani, mtu ameshiba, na wanga umepungua kwa zaidi ya nusu.

Muhogo ndio unaokosewa sana. Watu wanahama kutoka kwenye wali kwenda kwenye muhogo kwa kuwa ni chakula cha shambani, wakidhani hauna neno. Kwa uzito, wali uliopikwa una wanga wa gramu 28 katika gramu 100. Muhogo mbichi una 38, na ukichemshwa haupungui sana. Mbatata ya kuchemsha ina 20. Kwa hiyo kipande cha muhogo kiwe kidogo kuliko kiasi cha wali, si kikubwa. Sima nayo watu hubishana iwe ya mahindi, ya mtama au ya wimbi. Unga wa zote una wanga wa gramu 70 na kitu katika 100. Ya mtama ina nyuzinyuzi zaidi kuliko unga mweupe wa mahindi, nami naipendelea, lakini mlima wa sima ya mtama bado ni mlima.

Na zile orodha za vyakula vinavyopandisha sukari haraka na vinavyopandisha polepole, usizipeleke. Kasi hubadilika kwa kuiva kwa tunda, kwa upishi na kwa kinacholiwa pamoja nacho, na msikilizaji anabaki na majina ya vyakula huku amesahau kiasi. Tikiti maji liko juu katika orodha hizo, ilhali kipande cha gramu 150 kina wanga wa gramu 11 tu.

Upawa_na_Mwiko

Hesabu ya LisheMvita iko sawa. Mimi naongezea upande wa vyombo, kwa sababu hapo ndipo mazungumzo mengi ya lishe yanapopotelea.

Upawa hauna kipimo kimoja. Kila nyumba ina wake. Basi mfundishe kila mama kupima upawa wa kwake mara moja tu. Achukue kikombe cha chai cha mililita 200, ajaze wali bila ya kuushindilia, asawazishe juu kwa kisu, kisha ahamishie kwenye upawa aone unaingia mara ngapi. Kikombe hicho kina wali wa gramu 140 hivi, wanga wa gramu 40. Kuanzia siku hiyo anapakua kwa upawa na kikombe kinarudi kabatini. Kipimo chochote kinachomlazimu mpishi kuosha chombo cha ziada kila siku hakifiki wiki ya pili.

Sahani. Ule mgawo wa nusu mboga, robo kitoweo, robo wanga umetengenezwa kwa sahani ya sentimita 23. Sahani nyingi za nyumbani zina 27 au zaidi, na robo ya sahani ya 27 ni kubwa kwa zaidi ya theluthi kuliko robo ya 23. Peleka rula. Pima sahani mbili mbele yao, waone. Na katika ile nusu ya mboga taja mboga wanazonunua kweli pale soko la Kongowea: mchicha, mkunde, mnavu, kisamvu, sukuma, mabenda, biringani, mung'unye, kabichi, kachumbari ya tungule na matango. Mbatata na mahindi hayaingii kwenye nusu hiyo, ni wanga. Lisipotajwa hili waziwazi, mtu atapika mchuzi wa mbatata, ataula kwa wali, na atahesabu mbatata kuwa mboga.

Lakini tatizo kubwa la kwetu ni sinia. Mgawo wa sahani unavunjika pale watu wanne wanapokula pamoja. Hakuna robo wala nusu, na mkono hauhesabu. Kumtenga mwenye sukari na kasahani kake kunaumiza, na wengi wanaacha mpango wote kwa sababu hiyo. Njia inayofanya kazi ni hii: kabla ya kupakua, jaza kikombe kimoja cha wali na ukipindue upande wake wa sinia, kisimame kama kichuguu. Kizungushie mboga na kitoweo pande zote, ndipo wali wa wengine uwekwe upande wao. Anakula pamoja na wenzake, na mpaka anauona kwa macho. Tena aanze kwa mboga na kitoweo, wali auache mwisho. Ukila kwa mpango huo, sukari baada ya mlo haipandi sana kama ukianza na wali, hata chakula kikiwa ni kile kile.

Kuhusu tui, sema kweli. Tui halina wanga mwingi, halipandishi sukari kwa haraka. Shida yake ni mafuta mengi ya aina inayopandisha kolesteroli, na mwenye kisukari tayari moyo na mishipa yake viko hatarini. Tena mafuta hayo yanaongeza uzito. Wali wapikie tui la pili. Kwa mbaazi za nusu kilo, chemshia maji, kisha tui zito nusu kikombe mwishoni, dakika chache kabla ya kuepua. Harufu na ladha ya nazi vinabaki kwa sababu tui halikuchemka muda mrefu. Viazi karai ni wanga ndani ya wanga, mbatata iliyovikwa unga na kuzamishwa kwenye mafuta. Nisingevipa zaidi ya sentensi moja: vipande viwili na kachumbari nyingi, siku moja moja, na siku hiyo hakuna chapati wala wali katika mlo huo.

Mezani weka vitu hivi: wali uliopikwa kwenye sufuria, upawa, kikombe, sahani mbili na rula, hamri moja na bakuli la mbaazi, fungu la mchicha, na chupa tupu ya soda ya mililita 500 yenye sukari kavu ndani. Soda ya kawaida ina sukari ya gramu 10 na nukta katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa hiyo ni vijiko vya chai 13. Usiijaze nyumbani. Mwite mmoja wao aje mbele atie kijiko kimoja kimoja, na ukumbi uhesabu kwa sauti. Kijiko kisawazishwe, kikijaa kwa kilima hesabu yako itakuwa ya uongo.

NesiLikoni

Haya yote mazuri, lakini kuna jambo lazima litangulie. Dada, tafadhali lisome lote kabla ya kusimama mbele ya watu.

Mtu anayemeza glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi, au anayejidunga insulini, akitoka ukumbini pako akapunguza wali kutoka gramu 160 hadi 45 huku dawa ikibaki ile ile, sukari inaweza kushuka chini ya 4. Dawa hizo zinashusha sukari hata kama chakula hakikuja. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee au mwenye figo dhaifu inaweza kumwangusha usiku. Metfomini ikitumiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Kwa hiyo sema mwanzoni, na urudie mwishoni: mwenye dawa hizo apunguze hatua kwa hatua, na kabla ya kupunguza kwa kiasi kikubwa apite kliniki yake dawa iangaliwe. Wewe usitaje dozi, usiseme "punguza kidonge", hata ukiulizwa kwa kubembelezwa.

Wafundishe dalili za kushuka: kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kusema maneno yasiyoeleweka. Tiba ya hapo hapo ni gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, vikorogwe, anywe. Asubiri dakika 15, apime tena. Ikiwa bado chini ya 4, arudie. Ikishapanda, ale kitu chenye wanga kama mlo wake hauko karibu. Hamri au chokoleti havifai kwa dharura hii kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Makundi haya usiyape ushauri wa jumla, yapeleke kliniki: wajawazito, wenye ugonjwa wa figo, na wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini (vidonge vingine vya sukari). Mwenye figo zilizochoka anaweza kuwa amekatazwa vyakula vyenye potasiamu nyingi, na humo mna mboga za majani, maharagwe na madafu, vitu vile vile unavyowasifia wengine. Hao wa dapagliflozini wakikata wanga karibu wote, au wakifunga bila maandalizi, wanaweza kupata asidi nyingi kwenye damu hata mashine ikionyesha sukari isiyotisha.

Mkiamua kupima sukari siku hiyo, basi ipangwe vizuri. Sindano moja kwa mtu mmoja, na chombo kigumu cha kutupia. Vidole vioshwe kwa sabuni na kukaushwa kabisa. Mtu aliyetoka kumenya embe atasoma sukari ya embe. Kikopo cha stripu (vijikaratasi vya kupimia) kifungwe kila ukitoa moja, maana unyevu wa hewa ya hapa kwetu unaziharibu na zinasoma vibaya. Kipimo cha ukumbini hakimtangazi mtu kuwa mgonjwa. Aliyesoma 11.1 au zaidi, au 7.0 na zaidi hali hajala tangu usiku, aandikiwe aende kupimwa rasmi; mwenye kiu isiyoisha, anayetapika au aliyelegea aende siku hiyo hiyo.

Mlezi_Kisauni

Mungu awalipe. Sikuwa nimefikiria habari ya vidonge kabisa, nashukuru sana nesi.

Maswali matatu najua yataulizwa. La kwanza, kufunga Ramadhani. La pili, karela, mlonge, uwatu, na ule unga wa "dawa ya sukari" unaouzwa kwenye vikopo. La tatu, kuna wanaosema kisukari kinapona kwa chakula. Nijibu vipi bila ya kupotosha?

NesiLikoni

Ramadhani: anayetaka kufunga aende kliniki wiki 6 hadi 8 kabla, si usiku wa mwezi kuandama. Kuna wanaoweza kufunga kwa usalama baada ya kubadilishiwa saa na kiasi cha dawa, na kuna ambao hatari ni kubwa mno, kama aliyeshuka vibaya miezi ya karibuni, mwenye figo zilizoharibika, au mjamzito anayetumia insulini. Anayefunga lazima apime mchana. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7, afungue papo hapo, hata zikiwa zimebaki dakika kumi adhana ya magharibi. Wengi huogopa kwamba kutoboa kidole kunabatilisha saumu. Mwombe mwalimu wa madrasa aliseme yeye kwamba hakubatilishi, neno lake litakubalika kuliko langu na lako.

Daku asiiache, na aile karibu na alfajiri: pojo au maharagwe, mayai, mboga, wanga kidogo. Futari ndipo panapoharibika, kwa sababu ya wingi wa aina. Tende, uji wenye sukari, kaimati, viazi vya nazi, tambi, muhogo, vyote kabla ya isha. Achague wanga mmoja tu katika hivyo. Tende ndogo ya gramu 8 ina sukari ya gramu 5 au 6, kwa hiyo moja hadi tatu na maji, aende kuswali magharibi, kisha arudi kwenye supu, samaki na mboga.

Mitishamba: usiwakejeli, wala usiwape matumaini. Karela na majani ya mlonge kama mboga, wale. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichothibitika kuchukua nafasi ya dawa. Madhara huja kwa njia mbili: mtu anaacha vidonge, sukari inapanda kimya kimya mpaka macho na miguu viharibike, au anachanganya na glibenklamidi na sukari inashuka kwa ghafla. Vikopo vya unga visivyoandikwa kilichomo sitasema lolote jema juu yake, kwa sababu mnywaji hajui anakunywa nini wala kiasi gani. Na asali, sukari guru na tende zilizosagwa vihesabiwe kama sukari, hata viitwe vya asili.

LisheMvita

Hilo la kupona acheni nilijibu mimi.

Neno "kupona" liache. Sema sukari inaweza kurudi kiwango cha kawaida bila dawa, kwa baadhi ya watu, na inaweza kupanda tena. Ushahidi mzuri upo. Uingereza ulifanyika utafiti uitwao DiRECT, matokeo yake ya kwanza yakatoka 2017. Watu wenye kisukari aina ya pili kisichozidi miaka 6, wasiotumia insulini, walipewa chakula cha kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishwa polepole kwenye chakula cha kawaida wakisimamiwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu) chini ya asilimia 6.5 bila dawa ya sukari. Waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86. Baada ya miaka miwili ile 46 ilikuwa imeshuka hadi 36, kwa kuwa uzito ulianza kurudi.

Sehemu ya kuwaambia kina mama ni kilo, si kalori 825. Chakula kidogo namna hiyo ni cha usimamizi wa kliniki, na wale watu walisimamishiwa dawa zao siku ya kwanza kwa mpango maalumu. Anayejaribu peke yake nyumbani huku anaendelea na vidonge anajiweka katika hatari ile aliyoieleza nesi. Mwenye kisukari cha miaka 20 na insulini kongosho lake limechoka zaidi. Kwake lengo ni kipimo kuwa kizuri zaidi na dawa chache zaidi, na si haki kumfanya ajione ameshindwa kwa kuwa bado anameza dawa.

Kwa wale wachache ambao sukari imeanza kupanda lakini haijafika ugonjwa, una habari njema zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Mwenye kilo 80 hiyo ni kilo 5 na nusu hivi. Ukiwatajia hivyo, wataona ni kitu kinachofikika. Na dakika zile 150 zikikatwa vipande vya dakika 10 au 15 mara baada ya kula, zinasaidia pia kushusha sukari ya mlo ule ule.

Jambo la mwisho kwangu ni kipimo. Anayemiliki mashine umwombe siku moja apime kabla ya mlo, kisha saa 2 tangu tonge la kwanza. Afanye hivyo kwa mahamri manne, siku nyingine kwa hamri moja na mbaazi. Wengi hulenga kabla ya mlo isizidi 7.2 na baada ya mlo isizidi 10, ila kliniki yake inaweza kumpa lengo tofauti, hasa akiwa mzee. Hakuna maneno yako wala yangu yatakayomshawishi kama namba mbili zake mwenyewe.

Mlezi_Kisauni

Nimepanga hivi. Dakika 5 za mwanzo: vidonge, insulini na dalili za kushuka. Dakika 5: glukosi na insulini kwa maneno machache. Dakika 20: kilo ya mchele, mahamri, upawa, sahani, sinia, kwa vitendo. Dakika 3: chupa ya soda. Dakika 10: maswali. Mbili za mwisho: kurudia onyo la dawa na kutaja siku za kliniki ya sukari iliyo karibu. Kuhusu kupona nimeandika sentensi mbili tu, za kujibu nikiulizwa.

Upawa wangu nimeupima kwa kikombe cha mililita 200: umejaa mara moja na nusu. Kwa hiyo upawa mmoja usiojaa.

Upawa_na_Mwiko

Ngoja kidogo. Umesema kikombe kimejaza upawa mara moja na nusu, au upawa umejaza kikombe mara moja na nusu? Zinakwenda kinyume. Kama ulimimina kikombe kimoja na nusu ndipo upawa ukajaa, basi upawa wako ni mkubwa, una wali wa gramu 210, wanga wa gramu 60 hivi, na mwanamke anapakua robo tatu yake. Kama ni upawa mmoja na nusu ndio uliojaza kikombe, upawa ni mdogo na anapakua mmoja na nusu. Ukumbini nusu yao watachanganya hapo hapo, kwa hiyo sema kila mara "namimina kutoka kikombe kwenda upawa", na mkono wako uonyeshe hivyo hivyo.

Na kikombe kibebe chako. Vya ukumbini mara nyingi ni vikubwa, vingine vina mililita 300.

Mlezi_Kisauni

Kutoka kikombe kwenda upawa. Basi ni robo tatu. Nabeba kikombe changu.